Jino Zima la Ndalahwa

Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, asubuhi, Ndalahwa alikuwa amelala chali kwenye kiti cha meno katika hospitali moja mjini Bariadi. Mdomo wake ulikuwa wazi, na macho yake yalimtazama mchumba wake aliyesimama juu yake na bomba la sindano ya ganzi.

"Mina, mkono wako unatetemeka."

"Nyamaza. Mgonjwa hasemi."

"Mimi si mgonjwa, mimi ni mumeo mtarajiwa. Umekula?"

"Nitakula baadaye."

"Jana ulisema hivyo hivyo."

"Ndalahwa, fungua mdomo, tafadhali."

Wilhelmina, ambaye kwao Malampaka wote humwita Mina, alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa udaktari wa meno. Chuo kilikuwa kimewaleta Bariadi, yeye na wenzake, kujifunza kwa vitendo, na kila mmoja alipangiwa wagonjwa wa kukamilisha: wa kuziba meno, wa kusafisha, wa kung'oa. Wagonjwa wakipungua, mwanafunzi huwatafuta mwenyewe, awe shangazi, awe muuza mboga, awe mpenzi. Asiyetimiza hurudia mwaka. Mina alikuwa amebakiza mgonjwa mmoja tu, wa kung'oa gego la chini.

Ndalahwa alikuwa fundi wa kuchomelea plau za kukokotwa na ng'ombe, na gego lake moja lilikuwa limeoza tangu msimu wa kulima. Angeweza kuling'oa mapema kwa daktari yeyote. Hakufanya hivyo. Alimtunzia Mina jino lile, akalala nalo likimuuma miezi mizima, kwa sababu aliambiwa kwamba siku moja mchumba wake atalihitaji. Hayo ndiyo mapenzi yake yalivyokuwa.

Meno yake yote yalikuwa ya rangi ya kahawia, kama ya watu wengi waliokulia kwenye maji ya visima vya huku kwetu. Kwa hiyo jino zima na jino bovu yalifanana mdomoni mwake, na ilihitaji jicho lililotulia kuyatofautisha. Mina alijua la kufanya. Alifundishwa agonge kila jino taratibu kwa mpini wa kile kioo kidogo, na kila agongapo aulize, "Hapa panauma?" Kisha amwite msimamizi athibitishe kabla ya ganzi.

Alinyoosha mkono achukue kioo. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Dokta Salu, msimamizi wao.

"Wilhelmina! Mgonjwa mmoja asubuhi nzima? Huyo unamng'oa jino au unamposa?"

Wanafunzi waliokuwa kwenye kiti cha pili walicheka.

"Samahani, Dokta. Naomba uje uthibitishe jino."

"Wewe ni wa mwaka wa ngapi?"

"Wa mwisho, Dokta."

"Na hujui jino bovu?"

"Najua, Dokta, ila utaratibu..."

"Nina kikao. Ng'oa!"

"Dokta, dakika moja tu."

"Nimesema ng'oa. Nikirudi nikute kiti kiko wazi."

Mlango ulifungwa. Mina hakuwa amelala usiku ule wala ule uliotangulia. Alikuwa akisomea mtihani wa kujibu kwa mdomo uliokuwa unakaribia. Aliinama, akaona meno ya kahawia yamepangana, akaona kivuli cheusi, akapiga ganzi, akashika koleo. Hakugonga. Hakuuliza.

Jino lilipotoka, alilitazama chini ya taa. Mizizi yake ilikuwa safi na imara. Halikuwa na tundu hata moja. Lilikuwa jino zima kabisa. Lile bovu lilikuwa limebaki mahali pake, jirani na shimo linalotoka damu.

"Nionyeshe," alisema Ndalahwa kwa ulimi mzito wa ganzi. "Nataka nikamwonyeshe mama adui yangu."

Mina alilifunika kwa pamba na kulitupa kwenye ndoo ya taka.

"Limevunjika vibaya. Halitazamiki."

"Pole yako basi. Umefanya kazi ngumu." Ndalahwa alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Sasa umemaliza, dokta wangu. Nenda ukale."

* * *

Ujumbe wa kwanza uliingia kesho yake.

"Dokta wangu, habari ya asubuhi. Bado panauma kama zamani. Ni kawaida?"

Mina aliandika maneno, akafuta, akaandika tena. Mwishowe alituma hivi:

"Ni kawaida. Sukutua maji ya chumvi vuguvugu. Kunywa panado."

Jioni ukaingia mwingine.

"Nimesukutua. Ulimi wangu unagusa jino na linauma sana. Lakini usijali, wewe soma."

Huo hakuujibu. Alipopigiwa simu, aliitazama ikiita mpaka ikanyamaza.

Mwenzake Marcelo alimkuta nyuma ya hosteli, sahani ya wali imepoa mbele yake na nzi wanaila.

"Mina, hicho chakula ni chako au cha nzi?"

"Kula wewe."

"Nywele zako zinadondoka, unajua? Umekaa kama mtu wa msibani."

"Marcelo, nimeng'oa jino zima."

Marcelo aliacha kutabasamu. Alikaa chini.

"La nani?"

"La Ndalahwa."

"Umemwambia?"

"Hapana."

"Umemwambia Dokta Salu?"

"Hapana."

"Basi usimwambie yeyote. Nisikilize mimi. Umebakiza mtihani mmoja. Ukisema sasa, unadisko, unafukuzwa chuo. Miaka mitano yote inakwenda na maji. Subiri mtihani upite, kisha mlete kimya kimya umng'oe lile lingine. Atajuaje?"

"Anaumia sasa, Marcelo."

"Sote tunaumia. Unadhani mimi nalala? Nikifumba macho naona mashimo ya meno. Juzi nimemfokea bibi mzee anayelia kwa sindano, halafu nikaenda chooni nikalia mimi." Alishusha sauti. "Unamkumbuka Flora?"

Nani angemsahau Flora? Mina alilala naye chumba kimoja mwaka wa tatu na wa nne. Alikuwa mchangamfu, mtu wa kuimba akifua. Alianza kwa kukosa usingizi, kisha akaacha kula, kisha akaacha kuimba. Januari alizikwa. Kijijini kwao waliambiwa ni malaria.

"Hakuwa na malaria," alisema Mina.

"Ninajua. Ndiyo maana nakwambia, vumilia tumalize, tutoke huku tukiwa hai."

Simu iliita. Alikuwa mama yake Mina, kutoka Malampaka.

"Halo, daktari wetu! Hujambo, ng'wanawane, mwanangu?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mtihani lini?"

"Unakaribia."

"Padri amekutaja kanisani Jumapili. Jumuiya nzima inakuombea. Baba yako anatembea kifua mbele huko mnadani, anamwambia kila mtu binti yake ni daktari. Utafaulu, eeh?"

"Mama, nimechoka."

"Utachoka ukishamaliza. Sisi tulichoka na pamba, nani alituuliza? Kaza moyo."

"Mama, nimechoka kweli."

"Haya, soma, nisikupotezee muda. Na mchumba wako mzima?"

Mina alifumba macho.

"Mzima, mama."

* * *

Jumapili alasiri Ndalahwa alikuja mwenyewe. Alisimama kwenye geti la hosteli akiwa amejifunga mtandio wa mama yake kuzunguka taya, ingawa jua lilikuwa kali. Mina alikuwa akitoka na Marcelo, vitabu mikononi.

"Mwadila, dokta," alisalimia Ndalahwa.

Mina alisimama ghafla. Aliuona uvimbe chini ya taya, hata kwa mbali, na akajua maana yake.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kukuona. Simu zangu hupokei." Alimtazama Marcelo. "Au nimekuta shughuli?"

"Kaka, usifikirie hivyo," alisema Marcelo. "Sisi tunasoma tu."

"Sijakuuliza wewe. Namuuliza mwenye simu. Mina, nina jambo la kukwambia. La watu wawili."

"Sina muda."

"Halichukui muda. Ni kuhusu jino..."

Hapo moyo wa Mina uliingiwa na hofu kubwa. Aliona kwamba akilisikia neno hilo likitamkwa hadharani, kila kitu kitaanguka: mtihani, chuo, kifua cha baba yake mnadani. Alitafuta kitu cha kumfukuzia. Akaokota kibaya kuliko vyote.

"Ndalahwa, tuachane."

"Nini?"

"Tuachane. Mimi nitakuwa daktari wa meno. Nitasimama vipi mbele ya watu na mume mwenye meno kama yako? Hayo meno yako yananitia aibu!"

Mlinzi wa geti aligeuza uso. Marcelo alishika kichwa.

Ndalahwa alifunga mdomo wake polepole. Tangu walipokutana, miaka minne nyuma, alikuwa mtu wa kucheka wazi, kwa sababu Mina ndiye aliyemwambia kwamba meno yake yana rangi ya udongo wa nyumbani. Siku ile aliuziba mdomo kwa kiganja.

"Haya," alisema. "Nimesikia. Soma vizuri."

Aliondoka. Mina alimtazama mpaka alipokata kona, kisha vitabu vikamdondoka, naye akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Kwa nini umesema vile?" aliuliza Marcelo. "Mina, kwa nini?"

"Ili asirudi. Nikimwona, nakufa."

* * *

Jumatano namba ngeni ilipiga. Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima.

"Halo. Mimi ni Specioza, mama yake Ndalahwa."

Mina alisimama. Mama huyu hakuwahi kumpigia hata mara moja. Tangu posa ipokelewe, salamu zote zilipitia kwa mshenga, maana mkwe na mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Kwamba leo ameivuka heshima ile, hilo pekee lilimtisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Nisamehe kwa kukupigia. Mwanangu hamezi hata mate. Shingo imevimba imekuwa sawa na taya. Anapumua kama ng'ombe aliyenyongwa na kamba. Tunataka kumpeleka hospitali, anakataa."

"Anakataa? Kwa nini?"

"Anaandika kwenye simu kwamba akienda watamuuliza nani alimng'oa. Mimi sielewi. Kuna ubaya gani wakiuliza? Si ni wewe, mkwe wetu, uliyemng'oa?"

Kumbe Ndalahwa alijua. Alijua tangu ganzi ilipoisha na ulimi wake ulipolikuta jino bovu mahali pake. Siku ile getini hakuja kudai chochote. Alikuja kumwambia kwa siri, ili walimalize wawili.

"Mama, nakuja sasa hivi. Msimpe chochote cha kumeza. Mkalisheni wima, asilale!"

Alifika nyumbani kwao Ndalahwa kwa bodaboda. Ndalahwa alikuwa ameegemezwa ukutani uani, midomo imebadilika rangi, mate yanamtoka. Alipomwona Mina, aliziba mdomo wake kwa kiganja, vilevile kama siku ile.

"Usizibe," alisema Mina, akipiga magoti. "Nakuomba usizibe. Twende."

Alitikisa kichwa.

"Ndalahwa, utakufa."

Alitikisa kichwa tena, akamwonyesha Mina kwa kidole, kisha akafanya ishara ya kuandika. Maana yake ilikuwa wazi: mtihani wako.

"Mama, tumbebe," alisema Mina. "Hata akikataa, tumbebe."

* * *

Hospitalini Dokta Salu aliitwa mbio. Alipoigusa ile shingo ngumu kama ubao, uso wake ulibadilika.

"Uchafu umeshuka shingoni. Anatakiwa chumba cha upasuaji sasa hivi, kisha rufaa Mwanza. Nani alimng'oa huyu? Jino lipi?"

Ndalahwa aliomba simu yake kwa mkono. Aliandika kwa shida, akamwelekezea daktari. Mina alisoma naye:

"Niling'olewa na mtu wa mnadani."

Kisha Ndalahwa akamtazama Mina, macho mekundu yakimsihi akubali. Alikuwa amemfungulia mlango. Watu wanaong'oa meno minadani wapo, na hakuna anayewatafuta. Angeitikia tu kwa kichwa, mambo yangeisha hapo, na Ijumaa angeingia kwenye mtihani wake.

"Basi tatizo liko kwenye shimo hili," alisema Dokta Salu, akiangaza kwa taa. "Tutapasua hapa, tulisafishe."

Hapo Mina alielewa. Wakilisafisha shimo, lile gego bovu litabaki, nalo litaendelea kumwaga sumu shingoni. Uongo wa Ndalahwa ungemwokoa Mina na kumuua Ndalahwa.

"Hapana, Dokta."

"Hapana nini?"

"Shimo hilo ni la jino zima. Ugonjwa uko kwenye gego lililo mbele yake. Limeoza mpaka kwenye mzizi."

"Wewe umejuaje?"

"Nilimng'oa mimi. Hapahapa, Alhamisi. Nilikosea jino, nikaliona palepale, nikalitupa, nikamdanganya."

Ndalahwa alifumba macho, machozi yakamtiririka kuelekea masikioni. Mama Specioza alikuwa mlangoni. Alishika tu ukingo wa mlango.

"Uling'oa bila mimi kuthibitisha?" alisema Dokta Salu kwa sauti ya juu, ili wauguzi wasikie. "Mwanafunzi hakunishirikisha! Hakuniita!"

Mina hakubisha. Hakuwa na nguvu za kubishana. Lakini vidole vya Ndalahwa vilitambaa tena juu ya simu, na muuguzi aliyekuwa akimfunga dripu aliyasoma maneno kwa sauti:

"Alikuita. Alikuomba dakika moja. Ukasema ng'oa. Nilikuwa kwenye kiti."

Dokta Salu alitazama sakafu.

"Mpelekeni ndani," alisema hatimaye. "Tunang'oa gego la mbele."

* * *

Ndalahwa hakufa. Walimpasua chini ya taya, wakautoa uchafu, wakampeleka Mwanza, na huko alikaa wiki kadhaa akilishwa kwa mrija. Dokta Salu aliandikiwa onyo na kuondolewa kwenye kusimamia wanafunzi. Mina aliambiwa arudi nyumbani, asubiri uamuzi wa chuo. Uamuzi ulipokuja, ulikuwa wa kurudia mwaka mzima.

Lakini kabla hajaondoka, habari zilimfikia mama yake, akamfuata Bariadi. Alipanda basi la kupitia Maswa huku ameandaa maneno makali njia nzima. Marcelo alimpokea getini.

"Yuko wapi huyo daktari?"

"Yuko ndani, mama. Ila tafadhali, ingia taratibu."

Mina alikuwa kitandani, amegeukia ukuta. Mto ulikuwa umejaa nywele. Chai ya jana ilikuwa imeganda kwenye kikombe.

"Wilhelmina."

"Nifokee, mama. Niko tayari."

"Geuka nikuone."

Aligeuka. Mama alimwona binti aliyebaki macho na mifupa. Maneno makali yote aliyotoka nayo Malampaka yalimpotea.

"Tangu lini uko hivi?"

"Tangu mwaka jana."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, mama. Nilisema nimechoka. Ukasema nitachoka nikishamaliza."

Mama alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, kuna siku nilitamani niende alikokwenda Flora."

"Flora ni nani?"

"Ni yule tuliyelala naye chumba kimoja. Yule waliyesema ni malaria."

Mama alivua viatu vyake, akapanda kitandani akiwa na nguo zake za safari, akamlaza binti yake kifuani kama alivyomlaza akiwa mchanga.

"Na mtihani, mama? Na baba?"

"Mtihani uende zake. Baba yako nitaongea naye mimi. Kesho tutakwenda kwa daktari pamoja, nawe umweleze hilo la Flora, na mimi nitakuwa nimekushika mkono. Sasa lala."

"Siwezi kulala."

"Basi usilale. Kaa hapa tu."

Alilala. Alilala mpaka jua la siku ya pili, na mama hakusogeza mkono wake uliokufa ganzi.

* * *

Septemba, pamba ikiwa imeshauzwa, Ndalahwa alifika Malampaka peke yake. Wajomba zake walikuwa wamesema ng'ombe wa mahari wasitoke zizini. Mwanamke aliyekaribia kumuua kijana wao si mke. Yeye hakuwajibu. Alitaka kwanza kumsikia mwenyewe.

Mina alikuwa amekaa kwenye kigoda uani akipepeta mpunga. Alianza kunenepa kidogo. Alipoona kovu chini ya taya ya Ndalahwa, ungo ulimtoka mikononi.

"Karibu."

"Asante. Unakula siku hizi?"

"Nakula."

"Unalala?"

"Siku nyingine."

Walikaa. Kuku walikuja kudonoa mpunga uliomwagika, na hakuna aliyewafukuza.

"Umekuja kuvunja uchumba?" aliuliza Mina.

"Sijui nimekuja kufanya nini. Jino nilikusamehe siku ileile. Ulikuwa umechoka, mimi niliuona mkono wako, na bado nikafungua mdomo. Lakini lile neno la getini, Mina, bado linauma. Kazini nachomelea nimefunga mdomo. Watu wanasema nimekuwa bubu."

"Nilitafuta neno la kukufukuza. Sikuwa na lingine baya kama lile."

"Ulilipata."

"Naomba unisamehe. Siombi uchumba. Naomba tu ucheke tena."

Ndalahwa alivuta kigoda, akakaa mbele yake, akauelekeza uso juani.

"Niangalie."

"Sina ruhusa ya kumgusa mgonjwa mpaka nirudi chuoni. Na sijui kama nitarudi."

"Nilikwambia siku ile, mimi si mgonjwa."

Akafungua mdomo. Aliufungua wazi, meno yote ya kahawia mbele yake, na mapengo mawili yaliyokaa jirani.

Mina alinawa mikono. Alivuta pumzi. Kwa ncha ya kidole, aliligusa jino la kwanza, taratibu, kama alivyofundishwa.

"Hapa panauma?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana. Endelea."

Aliendelea mpaka akayafikia yale mapengo. Hapo kidole chake kilisimama. Ndalahwa aliushika mkono ule, akautoa mdomoni, akaubakiza ndani ya mikono yake iliyojaa makovu ya cheche.

"Umeniuliza vizuri," alisema. "Sasa zamu yangu. Na wewe, Mina, panauma wapi?"

Miaka mitano watu walimuuliza Mina habari za mtihani, na matokeo, na siku ya kuvaa joho. Swali hili hakuwahi kuulizwa na mtu. Alifungua mdomo ajibu, akashindwa, akalia kwa sauti mpaka mama yake akatoka jikoni. Mama aliwaona, akarudi ndani bila kusema neno.

Ng'ombe hawajatoka zizini. Wajomba bado wana kinyongo, na harusi haijapangiwa siku. Mina amerudi chuoni kurudia mwaka wake, na kila mwezi humwona daktari wa msongo wa mawazo. Jioni Ndalahwa humpigia simu. Haanzi kwa kumuuliza alichosoma.

Nawe uliyefika mwisho wa habari hii, kama una binti au kijana aliye chuoni, au mchumba, au jirani, mpigie leo. Matokeo yake yaache kwanza. Muulize kama amekula, kama amelala, na panauma wapi, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize. Ukishakata simu, mtumie habari hii mzazi mwingine mmoja, maana mama yake Flora hakupata wa kumwambia mapema.